Wadandiaji

Sanduku lilifika stendi ya Moshi saa tano usiku.
Kondakta akaniuliza kama ni samaki.
Ni mawe, nikasema. Mawe yanayopumua.
Akanidai elfu mbili zaidi, kwa kuwa mzigo unavuja.

Nyumbani Njoro, kwenye meza ya kazi,
nikasukuma kando saa kumi na moja za watu,
nikafungua gazeti, pamba, mfuko uliokazwa kwa raba:
vipande vitatu vya tumbawe, vya kitalu cha Mwinjaka, Tanga,
kila kimoja kimegandishwa kwenye kisahani cha saruji
kama jino la bandia.
Ameandika kwa kalamu nyekundu: Vitatu. Safi.

Safi ni neno la muuzaji.

Nikavaa jichoni lenzi yangu ya ufundi,
ile inayonionyesha vumbi kwenye jino la gurudumu,
na kumbe hawakuja watatu.

Wamedandia.
Hawakukata tiketi Tanga, hawakuhesabiwa Korogwe,
Same wamepita wamejikunja matunduni,
joto, giza, matuta,
hadi kwenye beseni langu la maji ya mlima
niliyoyatia chumvi kwa mizani,
gramu thelathini na tano kwa lita, kama dawa.

Huyu namjua kwa ubaya wake:
ua la kioo, rangi ya chai iliyopoa.
Ukimkata, wawili. Ukimponda, ukoo.
Nikamdunga maji ya ndimu kwa sindano ya kutilia saa mafuta,
akanywea kama mdaiwa aliyesikia jina lake msibani.

Yule mrefu kama mshale wa dakika, manyoya mbavuni,
mwaka jana nilimtoa kwa vidole, mjinga mimi,
vijiba vyake vikanikaa siku tatu nikishindwa kushika skrubu.
Baadaye ndipo nikajua kuwa alikuwa akifagia,
akila mabaki yangu, bila mshahara.
Huyu wa leo nimemgeuzia tu jiwe, akaingia.

Kaa mwenye miguu ya nywele: nje, chupa ya jemu, peke yake.
Kaa mwenye miguu laini, aliyejibana katikati ya matawi
akaninyooshea magando, mimi, mwenye nyumba!
huyo abaki. Huyo analinda alipolala.

Na hivi vyeupe, vilivyojiviringa kwenye saruji,
vidogo kuliko kamani ya saa ya kike?
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, wanasema;
hawa sijui ningewapa nini. Wamekaa.

Mama Ndeshi alichungulia dirishani asubuhi:
Baba Aikande, hivyo mtakula lini?

Usiku wa nne umeme ukakatika.
Pampu ikanyamaza, nami nikakaa na kikombe
nikichota maji na kuyamimina tena, nichote, nimimine,
ili wasikose hewa.
Ndipo nikasikia:

tak.
Kimya.
Tak, tak.

Miaka thelathini na miwili naziskiliza saa,
najua kikohozi cha kila moja.
Nikazipitia zote gizani, sikio moja baada ya jingine,
ya mwalimu, ya kanisa, ya yule mjane asiyekuja kuichukua.
Zote zilikuwa sawa, au zimekufa kama nilivyozipokea.
Nikaweka sikio kwenye kioo.

Ilikuwa humo.
Nikamulika kwa tochi niliyoifunga karatasi nyekundu:
chini ya kisahani cha pili, kamba wa urefu wa njiti ya kiberiti,
gando moja la kawaida, jingine limezidi mwili,
analifyatua akisikiliza, kisha analifyatua tena.
Hakufuata dakika ya mtu yeyote.

Kibano nilikuwa nacho mkononi.

Umeme uliporudi, karibu na adhana ya alfajiri,
nilifungua daftari la wateja, ukurasa mpya,
nikaandika kama ninavyoandika siku zote:

Namba 212. Inagonga.
Mwenyewe hajulikani.
Ubovu: hakuna.